Mguu Unapocheza Wenyewe

Huku kwetu pwani, wengi ninaowapokea wakiwa wamevunjika uti wa mgongo wameanguka kutoka juu ya mnazi au mwembe, au wametupwa na bodaboda. Mkwezi alipanda alfajiri mti ukiwa bado umelowa umande. Mtoto alilifuata embe la kileleni. Kijana wa bodaboda alikutana na lori konani. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, wagonjwa huniita daktari wa mazoezi, na hukaa na watu hawa muda mrefu kuliko mtu mwingine yeyote hospitalini: miezi, na wengine miaka. Ndiyo maana habari ya mguu unaocheza wenyewe hunifika mimi, na mimi ndiye ninayetakiwa kuieleza.

Siku za mwanzo baada ya ajali miguu hulala tu. Ukiinyanyua inaanguka kitandani. Ukigonga chini ya kilegesambwa, kile kifupa cha mbele ya goti, kwa nyundo ya mpira, hakitikisiki kitu. Ugwe wa neva unaopita ndani ya uti wa mgongo, wenye urefu wa sentimeta 45 hivi kwa mtu mzima na usiozidi unene wa kidole kidogo, umepata kishindo ukanyamaza. Hata sehemu iliyo chini ya jeraha, ambayo haikuguswa na mfupa uliovunjika, nayo hunyamaza. Tunauita mshtuko wa ugwe. Kisha zinapita siku, pengine wiki kadhaa, na asubuhi moja nesi anavuta shuka, shuka inapita unyayoni, na mguu unaruka.

Furaha inayolipuka hapo sijaiona mahali pengine. Kuna mzee mmoja, baba wa mkwezi kijana, alinifuata hadi chumba cha mazoezi bila viatu. Mwanawe alikuwa amevunjika kwenye pingili ya nne ya kifua, na mawasiliano kati ya juu na chini ya hapo yalikuwa yamekatika kabisa.

"Mwanangu, njoo uone," aliniambia. "Mguu umecheza. Alhamdulillahi, umecheza."

Nilipofika kitandani kijana alikuwa anatazama dari. "Baba, si mimi niliyeuchezesha," alisema. "Wala sikuhisi kitu." Mzee hakulisikia neno hilo. Alikuwa ameshawapigia simu ndugu kijijini.

Naamini ukweli wa mguu ule husemwa siku ileile. Si kesho, si atakaporuhusiwa kutoka. Nimeona familia zikirudi nyumbani na tumaini lililowekwa mahali pasipo, zikaacha kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili kwa kuwa "anakaribia kupona", zikauza shamba kumfuata mtu aliyeahidi kumalizia kazi ambayo mguu, kwa macho yao, ulishaianza. Wakati huo mfupa wa tako unachimba kidonda kimya kimya, na kidonda hicho ndicho kinachokuja kuua.

Lakini kusema ukweli si kumwambia mzee "hiyo ni refleksi tu" ukaondoka. Refleksi ni mwendo ambao mwili huufanya wenyewe bila mtu kuuamuru. Neno hilo "tu" ni ukatili, na pia si kweli. Kwa hiyo nilimwomba akae ukingoni mwa kitanda kitupu cha jirani, miguu ining'inie isiguse sakafu. Nikamuuliza habari za nazi msimu ule, bei zake, na wanunuzi wanaotoka Dar es Salaam. Alipokolea kwenye mazungumzo nikagonga ile kano iliyo chini ya kilegesambwa. Mguu wake ukapiga teke.

"Nani amepiga teke, baba?"

Akautazama mguu wake. "Si mimi."

"Na mwanao ndivyo anavyokuambia."

Nyundo inapogonga kano, msuli mkubwa wa mbele ya paja unavutwa kidogo sana, ghafla. Ndani ya msuli huo kuna vihisio vidogo ambavyo kazi yao ni kupima msuli umerefushwa kiasi gani na kwa kasi gani. Vikivutwa, hupeleka habari kwenye ugwe kupitia neva nene kuliko karibu zote tulizo nazo, kwa kasi inayozidi meta 80 kwa sekunde. Habari hiyo inaingia ugwe sehemu ya kiunoni na kukutana moja kwa moja na neva inayorudi kwenye msuli uleule. Ni makutano hayo tu, hakuna mwingine katikati wa kuulizwa. Amri ya kujikaza inarudi, na ndani ya sehemu 20 hadi 30 za elfu ya sekunde msuli umeshaanza kuitikia. Mtu anayesubiri taa iwake ili abonyeze kitufe huchukua karibu sehemu 200, maana huyo lazima apitie kwenye ubongo, aone, aamue, ndipo aamuru kidole. Goti halina haja na safari hiyo.

Wakati uleule ugwe hupeleka ujumbe wa pili kwa misuli ya nyuma ya paja: legeeni. Bila ujumbe huo misuli ya mbele na ya nyuma ingeshindana na mguu ungebaki umesimama kama ulivyo. Aliyeichunguza kazi hii ya kukaza huku na kulegeza kule kwa undani kuliko wote ni Mwingereza Charles Sherrington, ambaye alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1932 pamoja na mwenzake Edgar Adrian. Teke la goti lenyewe lilikuwa limeandikwa kitabibu na Wajerumani wawili, Wilhelm Erb na Carl Westphal, mwaka 1875, kila mmoja kwa uchunguzi wake. Yaani karne moja na nusu sasa madaktari wanagonga magoti, na bado sijakiona kifaa cha bei hiyo kinachokueleza mengi kiasi hicho kuhusu hali ya ugwe.

Kisha nilimwonyesha mzee jambo la pili, na hili ndilo ninalolipenda. Nilimwambia afungamanishe vidole vya mikono yake kifuani, avute kwa nguvu kana kwamba anataka kuitenganisha mikono. Alipokuwa anavuta nikagonga tena goti, kwa nguvu ileile. Teke likawa kubwa zaidi. Mhungari Ernő Jendrassik alilieleza jambo hilo mwaka 1885 na wanafunzi wetu hulijaribu mpaka leo. Mikono iko kifuani, goti liko chini, nyundo haikubadilika, ila teke limekua. Maana yake ugwe haukai peke yake hata siku moja. Muda wote kuna maelekezo yanayoshuka kutoka ubongoni, na mengi kati ya hayo si ya kusukuma, ni ya kuzuia, mkono wa mzazi begani mwa mtoto mwepesi wa kukimbia. Mtu akishughulishwa na kazi nyingine ya nguvu, mkono huo unalegea kidogo.

Kwa mwanawe mkono umeondoka kabisa. Ugwe ulio chini ya jeraha u hai. Damu inaufikia, neva zake zinaingia na kutoka, makutano yake yanafanya kazi. Ila hausikii tena sauti ya kuuambia "tosha". Ndiyo maana baada ya ule ukimya wa mwanzo refleksi hazirudi katika kiasi chake cha zamani. Hurudi zimepita kiasi. Ukiukunja wayo kwa ghafla unatetemeka mfululizo bila kukoma. Baridi ikiingia dirishani, magoti yanajikunja. Mguu ule ulioruka haukuwa unarudi kwa kijana. Ulikuwa unaonyesha kwamba umeachwa peke yake.

Mzee alinyamaza kidogo, kisha akauliza swali ambalo sijaacha kulifikiria: "Basi chini huko kuna akili yake?"

Nilimjibu kwamba kuna maarifa, na maarifa hayo tunayo wote. Mwanamke akigusa karai la maandazi lililo motoni, mkono umeshatoka kabla hajajua kwamba ameungua. Ugwe umeuvuta mkono, na habari ya maumivu inafika ubongoni baadaye; ile sehemu ya maumivu inayochoma polepole na kudumu husafiri kwenye neva nyembamba kwa kasi ya meta 1 hivi kwa sekunde. Ukikanyaga mwiba ufukweni, mguu uliochomwa unajikunja na ule wa pili, palepale, unajikaza ili ubebe mwili wote usianguke. Hesabu hiyo hufanyika ndani ya ugwe. Hukuiomba na hukufundishwa. Mtoto mchanga huja nayo, pamoja na zake nyingine: ukimtikisa hutupa mikono nje kisha akaikumbatia, ukiweka kidole kiganjani mwake hukibana. Hizo huzimika ndani ya miezi kadhaa kadiri ubongo unavyokomaa na kushika hatamu.

Wanaotaka kuelewa kuzuia kuna thamani gani mwilini, nawaomba waangalie pepopunda. Sumu ya kijidudu kile, kinachoingia kupitia kidonda chenye udongo au kitovu kilichokatwa kwa wembe mchafu, haiupi msuli nguvu yoyote. Inakwenda kuzifunga mdomo neva zile zinazozuia. Zikinyamaza hizo, kila kichocheo kinakuwa amri. Mlango ukibamizwa, taa ikiwashwa, mgonjwa anapinda mgongo na meno yanajifunga. Niliwahi kumhudumia mama mmoja aliyepona pepopunda, na wodini tulitembea kwa soksi. Chanjo inauzuia ugonjwa huu, na ninaumia kila nikikumbuka hivyo.

Sasa, kama si kila kucheza ni kupona, kupona kunajulikanaje? Hili ndugu wana haki ya kufundishwa, kwa sababu wao ndio walio na mgonjwa usiku na mchana. Mimi huwaambia hivi: usimguse, usivute shuka, subiri miguu itulie. Kisha mwambie asogeze kidole gumba cha mguu wa kulia. Akikisogeza, mwambie aache. Mwambie tena. Halafu wa kushoto. Mwendo wa hiari unakuja unapoitwa, unakoma unapokatazwa, na unaweza kubadilishwa. Refleksi huja kwa kuguswa, na huja kwa sura ileile kila mara. Hata tikisiko dogo la kidole, likiwa la kuitwa, lina uzito kuliko mateke mia ya usiku.

Kuna na kipimo kingine ambacho watu hukionea haya, nami sitaki kikwepwe kwa ajili ya haya. Neva za chini kabisa za ugwe zinahudumia sehemu ya haja kubwa. Mgonjwa akihisi mguso pale, au akiweza kubana kwa hiari yake, maana yake kuna nyuzi zilizobaki zinazopita kwenye jeraha, hata kama miguu yote imelala. Jeraha hilo si kamili, na matarajio yake ni tofauti kabisa. Daktari anayeacha kupima hapo hajamaliza kumpima mgonjwa. Kijana wetu hakuhisi wala hakubana. Tulipima tena mshtuko wa ugwe ulipokwisha, jibu likawa lilelile, na hapo ndipo niliposema na baba yake kwa uhakika.

Unyayo nao husema. Ukipitisha ncha butu kutoka kisiginoni kwenda mbele kwa upande wa nje, mtu mzima mwenye neva salama hukunja vidole chini. Ikiwa njia inayoshuka kutoka ubongoni imeharibika, kidole gumba huinuka juu. Joseph Babinski alilieleza jambo hilo Paris mwaka 1896, na ni la kawaida kwa mtoto mchanga, ambaye njia zake bado hazijakomaa. Mwalimu aliyenifundisha kipimo hiki alitueleza habari za wagonjwa wa konzo wa wilaya ya Tarime, mkoani Mara, mwaka 1985. Wakati wa upungufu wa chakula watu walikula mihogo michungu ambayo haikulowekwa na kuanikwa muda wa kutosha, sumu yake ya sianidi ikabaki. Wanawake na watoto waliamka wakiwa na miguu iliyokakamaa, magoti yakiruka kwa nguvu, gumba likiinuka. Uti wa mgongo wao ulikuwa mzima, hakuna aliyeanguka popote. Njia ya kutoka ubongoni ndiyo iliyoathirika, na nyundo na unyayo vikalionyesha hilo kijijini, bila mashine yoyote. Wale waliopatwa hawakurudi kama zamani, ingawa ugonjwa haukuendelea kuwala.

Nirudi kwa mkwezi. Baada ya mazungumzo yale baba yake alikasirika, na alikuwa na haki. Kwa siku kadhaa hakunisalimia. Kisha alikuja na swali jipya, lile ambalo huwa nalingojea: "Sasa hiyo miguu tuifanyeje?" Hapo ndipo kazi huanza.

Miguu yenye refleksi kali inahitaji kunyooshwa kila siku, asubuhi na jioni, polepole. Ukiharakisha, vile vihisio vya ndani ya msuli vinashtuka na mguu unakukazia, kwa hiyo mkono wako lazima uwe wa subira. Usiponyoosha, baada ya miezi kano zinafupika, magoti yanabaki yamekunjika, na mtu hawezi tena kukaa vizuri kwenye kiti cha magurudumu. Mzee alijifunza haraka kuliko wanafunzi wangu wa chuo. Dawa ya kulegeza misuli ipo, baklofeni, na inasaidia, lakini si lengo langu kuzima kila kitu. Mkazo huo hudumisha kiasi cha unene wa msuli, na wagonjwa wengine hujifunza kuuchokoza kwa makusudi ili miguu inyooke wanapohama kutoka kitandani kwenda kitini.

Tena mguu huo unaweza kuwa mjumbe. Mtu asiyehisi kuanzia kifuani kwenda chini hawezi kukuambia kwamba kibofu kina maambukizi, kwamba ukucha umeota ndani ya nyama, kwamba kidonda kinaanza. Lakini habari za maumivu bado zinaingia kwenye ugwe. Haziwezi kupanda, basi zinatoka kupitia misuli. Miguu iliyokuwa imetulia ikianza kurukaruka kupita kawaida yake, tafuta sababu. Nawafundisha ndugu wamvue nguo mgonjwa wamkague mwili mzima, na waangalie mkojo, kabla ya kuomba waongezewe dawa.

Na kuna usiku ambao refleksi hizi zinaweza kuua. Mke wa kijana mmoja wa bodaboda alinipigia simu usiku wa manane. Mumewe, aliyeumia uti wa mgongo sehemu ya juu ya kifua, kichwa kilikuwa kinampasuka, uso umewiva, jasho linamtiririka shingoni huku miguu ikiwa ya baridi. Majirani walishasema ni malaria na mmoja alikuwa amekwenda kutafuta dawa.

"Dada, kwanza mnyanyueni akae wima," nilimwambia. "Miguu ishuke chini. Legeza kila kinachombana. Kisha shika mpira wa mkojo, ufuate kwa mkono toka unapotokea mpaka kwenye mfuko."

Mpira ulikuwa umejikunja chini ya paja. Alipounyoosha mkojo ulitoka kwa kasi, na kichwa kikaanza kupoa tukiwa bado kwenye simu.

Kilichotokea ndani ni hiki. Kibofu kilichojaa kilipeleka vilio kwenye ugwe. Ugwe ulio chini ya jeraha ukajibu kwa njia pekee unayoijua: ukaibana mishipa ya damu ya tumbo na miguu, na presha ikapanda. Ubongo ukaiona presha hiyo kupitia vihisio vya shingoni, ukapunguza mapigo ya moyo, ukafungua mishipa ya usoni na kutoa jasho. Lakini amri yake ya kufungua mishipa ya chini haikuweza kuvuka jeraha. Presha inaendelea kupanda mpaka kisababishi kiondolewe, na isipoondolewa mishipa ya ubongo inaweza kupasuka. Hali hii huwapata hasa walioumia kuanzia pingili ya sita ya kifua kwenda juu, na sababu kubwa ni kibofu, kisha haja kubwa iliyokwama. Kichwa kisipopoa upesi baada ya kukaa wima na kukagua mpira, safari ni ya hospitali, saa hiyohiyo.

Kinachonitia hofu zaidi ni vipimo. Wagonjwa hawa kwa kawaida presha yao huwa ya chini, namba ya juu ikiwa kati ya 90 na 110. Kwa hiyo akifika zahanati na kusomwa 140, mhudumu asiyemjua anaweza kuona si jambo la kutisha na kumpa panadoli. Kwa mwili huo 140 ni hatari.

Kwa sababu hiyo hakuna anayetoka mikononi mwangu bila karatasi iliyoandikwa mahali alipoumia, presha yake ya siku zote, na mambo ya kufanya kwanza. Naiandika kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa. Mkwezi wetu sasa anauza vocha na soda barazani kwao, karatasi yake iko kwenye mfuko wa kiti. Mwaka jana alipelekwa zahanati akiwa na kichwa kinachomgonga, nesi kijana akataka kumlaza kwanza ampime. Baba yake alimzuia kwa adabu. "Mwanangu, huyu halazwi," alimwambia. "Mkalishe. Kisha tuangalie kibofu."